Mkono wa Birika Jukwaani: Jinsi ya Kumwigiza Bahili wa Molière

Mimi ni fundi wa makochi hapa Kibuye, Kisumu. Viti vipya hutengenezwa na vijana. Mimi kazi yangu ni kuvivisha vikuukuu. Ukifumua kochi lililokaliwa miaka ishirini hukosi kitu ndani: sarafu, vifuniko vya kalamu, risiti, na siku moja meno ya bandia. Siku nyingine, kati ya sponji na gunia, nikatoa kitabu. Nikampigia mwenye kochi. "Fundi, baki nacho, mimi nataka viti vyangu Ijumaa." Zilikuwa tamthilia za Molière, Mfaransa wa zamani aliyeandika michezo ya kuchekesha, kwa Kiingereza, pembe zimeliwa na mende.

Nilikifungua tu katikati, nikaangukia pale kijana anapotafuta mkopo wa faranga 15,000. Mtumishi wake anamsomea masharti: taslimu atapata 12,000, zilizobaki azipokee kwa vitu. Vitu gani? Kitanda cha futi nne chenye mikanda ya nakshi iliyoshonewa kwa ustadi juu ya kitambaa cha rangi ya zeituni, pamoja na viti sita na mfarishi wa namna hiyo hiyo. Vikorokoro vinaendelea hadi ngozi ya mjusi ya futi tatu na nusu, imejazwa nyasi kavu, ya kuning'inizwa darini.

Nikaweka sindano chini. Mtu anayekumbuka kutaja kwamba nakshi imeshonwa kwa ustadi, mtu huyo kitambaa amekishika. Nikauliza huku na kule, nikaona sikukosea. Jean-Baptiste Poquelin, ambaye baadaye alijiita Molière, alibatizwa Paris Januari 1622, na baba yake alikuwa fundi wa viti na mapazia katika nyumba ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1637 kijana mwenyewe aliapishwa kuja kurithi cheo hicho. Mwaka 1643 akakiacha, akaanzisha kundi la maigizo pamoja na Madeleine Béjart, na mwaka 1645 akatiwa ndani kwa madeni. Fundi mwenzangu, basi, na hata upande wa madeni tunafahamiana.

Tangu hapo nimeuigiza mchezo huo, unaoitwa L'Avare, yaani Bahili, mara tatu na vijana wa mtaa wa Manyatta. Nitakueleza tunavyofanya, ukitaka kujaribu mtaani kwenu.

Kwanza, kwa nini huo na si mwingine

Kwa sababu ya nafasi na pesa. Ule wa tajiri anayetaka kuwa bwana mkubwa, ambaye anagundua kwamba amekuwa akiongea nathari, yaani maneno ya kawaida yasiyo mashairi, zaidi ya miaka arobaini bila kujua, ni mtamu, lakini unataka muziki, ngoma na mavazi ya bei. Tartuffe, ule wa mnafiki wa dini, hata Molière ulimtesa: aliuonyesha Versailles mwaka 1664, ukapigwa marufuku, asiruhusiwe kuuigiza wazi hadi 1669. Kama ukumbi wenu ni wa kuazima kanisani, fikiria mara mbili. Bahili anahitaji nyumba moja, kiti kimoja na mzee mmoja asiyetoa.

Maandishi ya Molière mwenyewe hayana mwenyewe wa kukudai; alikufa 1673. Tafsiri za juzi ndizo zina wenyewe, kwa hiyo tengeneza yenu. Na usione haya kubadilisha. Yeye pia kisa alikichukua kwa Plautus, Mrumi aliyetangulia kuandika juu ya mzee na chungu chake cha dhahabu.

Mzee wetu kwa Kifaransa ni Harpagon. Ana binti na mtoto wa kiume, ana sanduku la ekyu 10,000 za dhahabu, sarafu za Kifaransa za wakati huo, alilolizika bustanini, na hamwamini mtu. Kijana anayetafuta mkopo niliyemtaja ndiye mwanawe, na anayekopesha kwa masharti yale ya mjusi, wakikutana ana kwa ana, ni baba yake mzazi. Hapo hatukubadilisha kitu. Tulisema tu "shailoki", yaani mkopeshaji wa riba kubwa, na ukumbi mzima ukaelewa.

Kuhamisha maneno: kisa cha mahari

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa neno moja. Harpagon anataka kumwoza binti yake kwa mzee tajiri, Anselme. Valère, anayempenda binti, anajaribu kumshawishi kwa adabu: ndoa ni ya maisha, umri wao haulingani, moyo wa msichana nao utazamwe. Kila hoja ikifika, Harpagon anaijibu kwa maneno mawili: sans dot. Yaani anamchukua bila mahari. Kwa Kifaransa jibu hilo linakatika kama mlango unaofungwa usoni.

Nikaandika "bila mahari". Jioni tukajaribu mbele ya mafundi wenzangu, hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza, "Fundi, baba gani anashangilia binti yake kuolewa bila mahari? Huyo si bahili, huyo ni mjinga." Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Wafaransa wa wakati huo mali ilitoka kwa baba wa msichana kwenda kwa mume. Huku kwetu, uwe Mluo au Mluhya, ng'ombe wanatembea njia nyingine.

Nikageuza: kila hoja, mzee ajibu "ng'ombe kumi na wawili!" Wakacheka, lakini mzee akaharibika. Alikuwa sasa mtu wa tamaa. Tamaa na ubahili si kitu kimoja: mwenye tamaa anafurahia kinachoingia, bahili anafurahia kisichotoka. Harpagon moyo wake unapona akisikia kwamba hatatoa. Tulikaa na hilo wiki mbili, mpaka dada mmoja anayeuza samaki, ambaye ndiye Frosine wetu, yule mshenga wa kwenye mchezo, akasema, "Kitu kinachomla baba siku ya harusi ni ile kamati."

Tukapata. Bwana harusi atagharimia kila kitu: hema, viti, sufuria, hata chapati ya mwisho.

"Lakini mzee, umri wao…"
"Bila kamati."
"Na moyo wa msichana, mzee?"
"Bila kamati!"

Kwa hiyo ukihamisha mchezo usiulize neno hili linaitwaje kwa Kiswahili. Uliza mzee huyu anaponea wapi, halafu utafute mahali hapo kwenu.

Hesabu ya Frosine nayo ilikubali kuhama. Ni mshenga anayetaka kumshawishi Harpagon amwoe msichana maskini, Mariane. Anasema msichana atamletea faranga 12,000 kwa mwaka: hali vyakula vya gharama, hizo 3,000; hapendi nguo wala mapambo, 4,000; hachezi kamari, 5,000. Sisi tukaweka nywele za kushonea, kucha na bando la simu, tukajumlisha kwa sauti kwenye kikokotoo. Jibu la mzee tuliliacha kama lilivyo, kwamba hesabu hiyo haina kitu, yeye anataka cha kushika mkononi.

Lugha yenyewe tuliigawa. Mzee anaongea Kiswahili sanifu, kile cha barua za benki. Watumishi wanaongea cha stendi. Kama mtu atakulaumu kwamba unaharibu kazi ya kale, mwambie Molière alifanya vivyo hivyo: katika Dom Juan ya 1665 wakulima wanaongea lahaja ya shamba huku mabwana wakiongea Kifaransa cha mjini.

Asiyejua kwamba anachekesha

Hapa ndipo nitakaa, maana ndipo michezo mingi hufa. Vijana wetu wamelelewa na vichekesho vya runinga. Ukimpa mtu sehemu ya kuchekesha anakuja tayari amekunja uso, suruali imepandishwa hadi kifuani, sauti ya puani. Anauambia ukumbi: chekeni. Ukumbi unacheka mara mbili, ya tatu unatazama simu.

Chukua mistari michache tu ya mwanzo. Harpagon anamshuku mtumishi, La Flèche, anataka kumpekua kabla hajatoka.

"Nionyeshe mikono."
"Hii hapa."
"Mingine."

Basi. Neno moja. Kijana wangu wa kwanza alilisema akikonyeza ukumbi. Halikufika popote. Nikamwambia aketi, nikamwuliza lini mara ya mwisho aliibiwa. Akasema simu, kwenye matatu, Kondele. Ulimtazamaje aliyekaa karibu nawe? Akanyamaza. Nikamwambia mtazame La Flèche hivyo hivyo, na uamini kabisa kwamba mwizi huyu ana mikono mingine mahali, kwa sababu miwili haitoshi kwa wizi unaouogopa. Akarudia. "Mingine." Alisema polepole, kama mtu anayeomba kitambulisho. Mafundi wa karakana ya jirani waliacha randa.

Harpagon hajui kwamba yuko kwenye kichekesho. Kwake yeye huu ni msiba mwanzo hadi mwisho. Kanuni yangu ya mazoezi ni kwamba wiki mbili za kwanza mchezo wote unafanywa kama msiba, hakuna anayeruhusiwa kuchekesha. Anayekonyeza ananunua mandazi. Wiki ya tatu tunaongeza mwendo, si vituko.

Kuna mahali mzee anapanga chakula cha wageni. Watakuwa wanane au kumi, anasema pikeni cha wanane, cha wanane kinatosha kumi. Mtumishi mmoja ana doa kubwa la mafuta kifuani, mwingine suruali yake imetoboka nyuma. Je, atawanunulia nguo? Anamwambia mmoja aelekeze mgongo ukutani, mwingine ashike kofia mbele ya doa. Mimi kama fundi wa nguo za viti naapa nimekutana na mteja huyo: "Fundi, hapo palipochanika tutageuzia ukutani." Hakuwa anatania, na hata mimi sikucheka hadi alipoondoka.

Kugawa sehemu

Mtazame mtu alivyo, halafu uandike. Molière aliigiza Harpagon mwenyewe, na alikuwa na kikohozi. Basi akamwekea Frosine maneno ya kumsifu mzee kwamba anakohoa kwa madaha. Mwigizaji wake Louis Béjart alikuwa anachechemea, kwa hiyo Harpagon anamtukana La Flèche kuwa ni mbwa kiguru. Kilema kikaingia kwenye mchezo badala ya kufichwa, ingawa tusi hilo sisi tulilitoa. Mtaani lingeuma vibaya.

Harpagon wangu wa sasa alikuwa makanga wa matatu za Ahero, sauti imekauka kwa kuita abiria. Frosine anamwambia, "Mzee, sauti yako hiyo ya mchanga inawapoteza wasichana." Yeye anajibu kwa kusafisha koo, taratibu, amejawa na fahari.

Maître Jacques, ambaye ni mpishi na pia dereva wa farasi, apewe mtu mwepesi wa mikono. Bwana akimwita anauliza kwanza: unamtaka mpishi au dereva? Kisha anabadili koti. Wetu ni bodaboda kweli, ana aproni na helmeti. Mazoezi yake yalikuwa kuvua na kuvaa tu, jioni tatu nzima, mpaka kikawa kitendo cha sekunde mbili.

Wahusika wengine tulipunguza, tuko saba. Lakini usikate mwisho, hata ukiona ni wa ajabu. Anselme anagundulika kuwa baba wa Valère na Mariane, waliopoteana meli ilipozama. Uende mbio, nyuso kavu. Watu wa hapa wanaotazama filamu za Kinaijeria hawatakuuliza swali. Na katikati ya machozi yale Harpagon anataka kujua nani atalipia harusi zote mbili, na yeye ashonewe suti mpya ya kwendea huko.

Kiti

Jukwaa letu halina bustani ya kuzika sanduku. Nikalihamishia ndani ya kiti. Tulipoteza kitu, nakiri: kwenye maandishi mzee anakatiza mazungumzo na kukimbia nje kukagua, na kukimbia huko kunachekesha. Badala yake tulipata kingine: hakuna anayeruhusiwa kukaa. Mgeni akishusha makalio mzee anaruka. Nyumba ina kiti kimoja kizuri na wote wanasimama saa nzima.

Tengeneza kiti cha mikono, mbao ngumu, miguu mipana kisianguke mzee akikivamia. Mikanda ya chini ifunge pembeni tu, katikati uache uwazi wa sanduku. Juu weka sponji ngumu ya inchi nne iliyokatwa vipande, usigundishe, maana kwenye kitendo cha nne mzee anakipasua na kutupa sponji kwa watazamaji. Mwaka wa kwanza nilishona kwa uzi, ikawa kila onyesho nalala saa nane nikishona upya. Tia zipu, ndefu, kutoka nyuma hadi mbele chini ya kikalio.

Wako watakaokuambia Molière alifia kwenye kiti jukwaani. Si hivyo. Tarehe 17 Februari 1673 aliigiza mgonjwa wa kujidhania, ameketi kwenye kiti cha mikono, onyesho la nne. Akazidiwa humo humo, akamaliza, akapelekwa nyumbani, akafa usiku ule ule. Kiti kinachohifadhiwa mpaka leo kwenye ukumbi wa maigizo wa Comédie-Française, Paris, ndicho hicho. Nimekiona kwa picha. Ngozi yake imekwisha kabisa mikononi.

Bango, na mtu usiyemtaja

Usibandike nukuu. Kijana wetu wa mabango alipata mstari mzuri kwenye mchezo, akauandika kwa herufi nyekundu: KULA ILI UISHI, USIISHI ILI ULE. Siku ya onyesho walikuja akina mama na watoto, wengine na kadi za kliniki, wakauliza semina ya lishe inaanza saa ngapi. Tuliwaweka mbele.

Lakini kosa lilikuwa kubwa kuliko bango. Mstari huo kwenye mchezo si busara ya Molière. Valère anausema kumpaka mafuta bahili, ili aonekane anaunga mkono wageni walishwe kidogo. Harpagon anaupenda sana, anataka uandikwe kwa dhahabu juu ya meko, na akijaribu kuurudia anaugeuza kichwa chini: kuishi ili kula. Ukiona maneno ya Molière yanazunguka kwenye simu na picha ya machweo, uliza kwanza nani anayasema, na anataka nini kwa anayemsikia.

La pili ni zito. Mwaka wa pili mwigizaji wetu aliiga mwendo wa mwenye nyumba mmoja ambaye mtaa wote unamjua, hadi namna anavyoshika funguo. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenye nyumba alikuwa safu ya tatu. Juma lile lile nafasi tuliyokuwa tukifanyia mazoezi ikapata mpangaji. Molière aliliandika kwenye dibaji ya Tartuffe: watu wanakubali kuwa waovu, hawakubali kuwa kichekesho. Mwige bahili wa maandishini. Mwenye nyumba akitaka, atajitambua mwenyewe, na hatakuwa na pa kukushtakia.

Siku yenyewe

Anza saa tisa alasiri, Jumamosi. Jumapili Kibuye ni soko, hutapata mtu wala matatu. Stima ikipotea una mwanga wa madirisha, na mvua ya jioni ikija mmeshamaliza.

Jiandae kwa kitendo cha nne. Mzee amekuta sanduku limeibwa. Anapiga kelele za mwizi, anaona mkono, anaukamata: rudisha pesa yangu! Ni mkono wake mwenyewe. Anasema amekufa, amezikwa. Halafu anainua macho na kwa mara ya kwanza anawaona watu. Wamejaa hapa, anasema. Kila mmoja anaonekana mwizi wangu. Wananitazama, wanacheka.

Mwambie mwigizaji wako asiharakishe hapo. Washa taa za ukumbi kama zipo. Ashuke, apite kati ya viti, atazame mifuko ya watu. Wa kwetu alimwinamia mama mmoja wa wale wa kliniki na kumwuliza kwa sauti ile ya mchanga, "Mama, umemwona?" Hakuwa amepangwa. Mama akafunika kibeti chake kwa mikono miwili, akajibu, "Baba, mimi nilikuja kwa mambo ya uji." Kijana hakucheka. Aliangalia kibeti, akaangalia uso wake, akasema, "Nionyeshe mikono mingine." Ilibidi tusubiri karibu dakika nzima kabla ya kuendelea.

Kiti kile nilikiuza Jumatatu yake, kwa mwalimu kutoka Ahero. Alikigeuza, akaona zipu chini ya kikalio, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kutolea kitambaa kikafuliwe. Akasema hajaona fundi mwingine mwenye akili hiyo, akaagiza vingine vitano, vyote na zipu.